Mkate wa sikukuu kwenye mashine: kwa nini unadidimia, na namna ya kuufanya usimame

Swali: Mkate mweupe wa kila siku hutoka vizuri kwenye mashine yangu ya kuoka mkate wa gramu 750, kwa unga gramu 400. Mkate wa sikukuu ndio unaonishinda. Mara ya kwanza nililoweka zabibu kavu kwenye juisi ya machungwa usiku kucha, nikazitia mwanzoni pamoja na unga. Mkate ulipanda mpaka ukagusa kifuniko, kisha ukadidimia katikati, na zabibu zilisagika hadi ndani kukawa na rangi ya udongo. Mara ya pili nilipunguza maziwa, nikaongeza sukari ikafika gramu 100 na nikatia kijiko kikubwa cha mdalasini. Ukatoka mfupi na mzito, ganda limekaribia kuungua na katikati pabichi. Mara zote mbili nilitumia programu ya kawaida. Je, mashine haiwezi kazi hii, au ninakosea mimi?

Jibu: Mashine yako ni nzima, na mkate mweupe unaokutokea vizuri kila siku ni ushahidi wa kutosha. Tatizo ni kwamba mashine inafuata saa tu. Haijui kama donge limeumuka au bado, wala kama limelowa au limekauka; dakika zikitimia, inawasha moto. Programu ya kawaida ilipangwa kwa ajili ya unga, maji, chumvi na hamira, na mkate mweupe haupati shida nayo. Mkate wa sikukuu una sukari nyingi, siagi, mayai, viungo na matunda, na kila kimoja kati ya hivyo kinabadilisha mwendo wa hamira au kiasi cha maji kwenye donge. Kwa hiyo katika mkate huu wewe ndiye jicho la mashine. Kuna nyakati kama nne za kufunua kifuniko na kutazama, na nitazitaja kila moja mahali pake.

Tuanze na mkate wako wa kwanza. Zabibu zilizolala kwenye juisi usiku kucha hunywa maji mengi. Gramu 100 zinaweza kubeba vijiko vikubwa viwili au zaidi. Ukizitia mwanzoni, pala ya kukandia inazipiga kwa dakika 20 na kitu, zinapasuka, na maji yote pamoja na sukari yake yanamwagikia kwenye donge. Donge ulilolipima vizuri mwanzoni linakuwa tope bila wewe kujua, maana kifuniko kimefungwa. Donge lililolowa huumuka haraka na kwa fujo, lakini kuta za mapovu yake ni dhaifu. Linapanda mpaka kwenye kifuniko, halafu joto la kuoka linapoyatanua mapovu hayo, kuta zinashindwa na mkate unaanguka. Rangi ya udongo nayo ni ya ngozi za zabibu zilizosagika.

Mkate wa pili ni kinyume chake, ingawa kiini cha kosa ni kile kile. Gramu 100 za sukari kwa gramu 400 za unga ni asilimia 25. Sukari kidogo ni chakula cha hamira, lakini ikizidi kama asilimia 10 ya uzito wa unga inaanza kuishindania maji: huyavuta kutoka ndani ya chembe za hamira zenyewe, nazo zinapoa kazi. Mdalasini nao una mafuta yenye kiambato kinachozuia hamira kukua, na kijiko kikubwa kimoja kinatosha kuichelewesha vibaya. Ukijumlisha na maziwa uliyopunguza, donge likawa gumu, hamira ikawa taratibu, na saa ya mashine haikungoja. Moto uliwaka donge likiwa nusu ya kimo chake. Donge lililoshikana hupitisha joto polepole hadi katikati, huku sukari nyingi pembezoni ikigeuka kahawia mapema kupita kiasi. Ndiyo maana ulipata ganda jeusi na katikati pabichi katika mkate mmoja. Kuongeza dakika za kuoka kusingekusaidia. Ganda lingegeuka mkaa kabla katikati hapajaiva.

Vipimo vya kuanzia

Hivi ni vya sufuria ya gramu 750. Kwa sufuria ya kilo 1, zidisha kila kitu kwa 1.25 na usizidishe zaidi ya hapo.

- Maziwa, mililita 170
- Yai 1 kubwa, na kiini cha yai jingine
- Unga wa ngano wa mkate, gramu 400
- Sukari, gramu 50
- Chumvi, gramu 6 (kijiko 1 cha chai)
- Hamira ya papo hapo, gramu 6 (vijiko 2 vya chai vilivyosawazishwa)
- Siagi isiyo na chumvi, gramu 60, iwe laini ya kubonyea kwa kidole lakini isiwe imeyeyuka
- Maganda ya chungwa 1 yaliyoparuzwa, sehemu ya rangi tu bila nyeupe chungu
- Iliki ya kusaga nusu kijiko cha chai, mdalasini nusu kijiko cha chai, kungumanga robo kijiko cha chai
- Zabibu kavu gramu 80, maganda ya machungwa ya sukari gramu 35, lozi zilizokatwakatwa gramu 35

Pima kwa mizani. Kikombe kimoja cha unga kinaweza kutofautiana kwa gramu 20 au 30 kutegemea kama ulichota, ulimimina au uligandamiza, na katika donge lenye mayai na siagi tofauti hiyo inatosha kuharibu kazi. Mayai nayo hayalingani. Ukitaka uhakika, pasua yai na kiini kwenye kikombe kilichokaa juu ya mizani, ongeza maziwa hadi jumla ifike gramu 240, na hapo ukubwa wa yai hautakusumbua tena.

Usishangae kwamba maziwa ni machache kuliko maji ya mkate mweupe. Yai bila ganda ni karibu robo tatu maji, na siagi ina kama asilimia 16 ya maji. Sukari nayo ikishayeyuka hulilegeza donge kana kwamba umeongeza kimiminika. Mtu akiongeza yai kwenye kipimo cha mkate mweupe bila kupunguza maji, amekwisha kuharibu mkate kabla hajabonyeza kitufe.

Unga soma kwenye mfuko. Tafuta wenye protini gramu 12 hivi kwa kila gramu 100. Siagi, sukari na matunda vyote vinadhoofisha gluteni, yaani ule utando unaoshikilia hewa, kwa hiyo unga lazima uwe na nguvu ya akiba. Ukiwa na unga wa protini 10 tu, punguza maziwa mililita 15 na usizidishe matunda kupita gramu 100. Utapata mkate mfupi kidogo lakini mzuri. Chumvi usiipunguze kwa kudhani kuwa mkate mtamu hauihitaji. Inakaza gluteni na kuishika hamira isikimbie, na bila chumvi utamu wenyewe unakuwa butu mdomoni.

Hamira ninayosema hapa ni ile ya chembe ndogo inayochanganywa moja kwa moja na unga. Ukiwa na ile ya chembe kubwa inayohitaji kuamshwa, ongeza robo ya kipimo na uiamshe dakika 10 kwenye sehemu ya hayo maziwa, yakiwa vuguvugu. Kama pakiti imefunguliwa zamani, ijaribu kwanza: kijiko cha chai cha hamira na cha sukari kwenye mililita 100 za maji ya nyuzi joto 38 hadi 40 za Selsiasi. Lazima itoe povu nene ndani ya dakika 10. Hamira iliyozeeka bado inaweza kuusukuma mkate mweupe ukapanda, lakini kwenye donge la sukari na siagi inaonyesha uzee wake wote. Ipo pia hamira iliyotengenezwa maalumu kwa madonge matamu, inayostahimili sukari. Ukiipata, unaweza kupandisha sukari hadi gramu 80 bila kubadili kingine. Bila hiyo, kaa kwenye 50, na utamu unaoukosa uweke juu ya mkate baada ya kuoka.

Kuhusu viungo, usizidi kijiko 1 cha chai cha mdalasini kwa gramu 400 za unga. Karafuu nayo inazuia hamira, tena kwa nguvu, basi itumie kwa kubana kati ya vidole viwili tu. Ladha ya iliki, kungumanga na maganda ya chungwa unaweza kuikoleza zaidi. Anayependa mdalasini sana auchanganye na siagi na sukari, aupake juu ya mkate uliokwisha kuokwa. Harufu inakuwa kali zaidi kuliko ungekuwa ndani, na hamira haiguswi.

Matunda

Hapa ndipo mikate mingi ya sikukuu inapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Zabibu kavu zisiende kavu kabisa, maana zitanyonya maji ya donge na kuuacha mkate mkavu siku ya pili. Zisiende zimelowa pia. Zimwagie maji ya moto, ziache dakika 10, zichuje, zitandaze kwenye kitambaa safi, kisha zikaushe mpaka ukizishika hazikuachii unyevu mkononi. Kama unataka ladha ya juisi au ramu, tumia vijiko vikubwa viwili tu kwa gramu 80 na uzifunike usiku kucha. Asubuhi zichuje na uzikaushe vilevile. Usiongeze ile juisi iliyobaki kwenye donge.

Aprikoti na matunda mengine makavu yenye rangi angavu mara nyingi yamehifadhiwa kwa salfa, ambayo inadhoofisha gluteni na kuisumbua hamira. Yasuuze kwa maji vuguvugu, yakaushe, yakate vipande vya ukubwa wa zabibu. Vipande vikubwa hukata utando wa donge na kuacha mashimo.

Matunda mabichi yana hatari ambayo watu wengi hawaijui. Nanasi, papai na kiwi vina vimeng'enya vinavyokata protini. Vinaikatakata gluteni hadi donge linageuka uji unaonata, na hakuna kiasi cha unga kitakachoweza kulirudisha. Tangawizi mbichi nayo imo humo. Joto huviua vimeng'enya hivyo, kwa hiyo nanasi la kopo, papai lililopikwa kwa sukari, tangawizi iliyopikwa kwenye sukari au tangawizi ya unga havina shida.

Lozi, jozi au korosho zikaange kavu au kwenye oveni ya nyuzi 160 kwa dakika 8 hadi 10, zipoe, ndipo uzikate. Karanga mbichi ndani ya mkate hubaki laini na bila harufu. Jumla ya matunda na karanga isizidi asilimia 40 ya uzito wa unga. Gramu 150 nilizoandika ziko chini ya hapo kidogo. Mapishi yanayotaka zaidi yapo, na ni matamu, lakini hayo yaoke kwenye oveni.

Kupakia na kukanda

Mashine nyingi zinataka vimiminika kwanza, kisha unga, hamira juu kabisa. Chache zinataka hamira chini kabisa. Fuata kijitabu cha mashine yako. Kanuni inayobaki ni kwamba chumvi na hamira zisikutane mapema: chumvi pembeni, sukari pembe nyingine, hamira kwenye shimo dogo katikati ya unga. Viungo vya unga na maganda ya chungwa vichanganye na unga. Siagi na matunda vibaki nje kwanza.

Maziwa yawe na joto la chumba, nyuzi 25 hivi. Siku ya joto kali, jiko likiwa juu ya nyuzi 28, yatumie yakiwa yametoka kwenye friji moja kwa moja na upunguze hamira kwa robo. Msuguano wa kukanda na joto la mota hupandisha joto la donge, na likipita nyuzi 30 siagi inaanza kuvuja na hamira inakimbia. Kwenye miinuko mirefu pia punguza hamira kwa robo, kwa kuwa hewa nyepesi inaliachia donge liumuke upesi.

Chagua programu ya mkate mtamu, rangi ya ganda hafifu. Programu hiyo kwa kawaida huumua kwa muda mrefu zaidi na kuoka kwa joto la chini kuliko ile ya kawaida. Kama mashine yako haina, tumia ya kawaida kwa rangi hafifu na uwe tayari kuingilia kati kama nitakavyoeleza. Programu ya haraka usiiguse. Kipima muda cha kuchelewesha pia usikitumie, maana mayai na maziwa hayapaswi kukaa saa nyingi kwenye joto la chumba.

Mara ya kwanza ya kufunua kifuniko ni dakika ya 5 hadi 8 ya kukanda. Kufikia hapo unga umekunywa maziwa na gluteni imeanza kujijenga. Sasa tia siagi, kipande kimoja kimoja, kama vinne au vitano. Sababu ya kungoja ni kwamba mafuta hufunika chembe za unga na kuzizuia kunywa maji. Yakitangulia, ukandaji wa mashine hautoshi kujenga utando. Donge litaonekana limeharibika kwa dakika 2 au 3, limekatikakatika na kuteleza. Liache, litajikusanya lenyewe. Usiongeze unga wakati huo hata kidogo.

Dakika 5 baada ya siagi kuingia, tazama tena. Hii ndiyo hukumu muhimu kuliko zote. Donge zuri la sikukuu ni laini, linang'aa, linazunguka na pala kama mpira uliolegea, na linagusa sakafu ya sufuria kwa doa dogo linalonata na kuachia. Ukilibonyeza, kidole kinanata kidogo lakini kinatoka safi. Likiwa limeenea kama uji na halijikusanyi, nyunyiza unga kijiko kikubwa kimoja, ngoja dakika 2, tazama tena. Likiwa gumu, mota inaguna na donge linagonga kuta, tia maziwa kijiko kimoja cha chai kwa wakati. Kuta zenyewe zina kazi: ndani ya sufuria za mashine nyingi kuna mbavu ndogo zilizoinuka. Katika miaka ya 1980 nchini Japani, kampuni ya Matsushita ilipokuwa ikibuni mashine ya nyumbani, mtaalamu wake Ikuko Tanaka alikwenda kujifunza kwa mwokaji mkuu wa hoteli mjini Osaka, akaona kwamba mikono yake haikandi tu, inavuta na kusokota kwa wakati mmoja. Mbavu ziliwekwa ili zilishike donge huku pala ikilisokota. Donge gumu mno huziruka, na lililolowa mno huteleza juu yake. Katika hali zote mbili mashine inazunguka bila kukanda.

Kwenye pembe za sufuria unga mkavu hujificha. Ukwangue kwa mwiko wa plastiki au wa mti, si wa chuma.

Matunda yaingie mlio wa kuongeza viungo unaposikika, dakika chache kabla ya ukandaji wa mwisho kwisha. Mashine isiyo na mlio, angalia jedwali la programu kwenye kijitabu, tafuta ukandaji wa mwisho unakwisha dakika ya ngapi, na uyatie dakika 5 kabla ya hapo. Yachanganye kwanza na kijiko kimoja cha chai cha unga yasigandamane. Yamwage kwa mikupuo mitatu. Donge laini wakati mwingine huzunguka na kuyaacha matunda pembezoni. Lisukume kwa mwiko mara moja au mbili mpaka liyameze. Kama mashine ina kisanduku kinachojifungua chenyewe, kitumie kwa lozi tu. Zabibu zenye unyevu hunata humo na nyingine hazidondoki kabisa.

Kuumua

Baada ya muumuko wa kwanza mashine inalipiga donge litoe hewa, wakati mwingine zaidi ya mara moja. Mara ya mwisho ya kupiga, kwa programu nyingi, huwa kama dakika 100 hadi 120 kabla ya mwisho wa programu, na kijitabu kitakuambia hasa lini. Pala ikishasimama, toa sufuria, paka mikono mafuta kidogo, nyanyua donge na uchomoe pala. Likunje donge mara mbili, lizungushe liwe na uso laini uliokaza, zabibu zilizojitokeza juu uzisukume ndani kwa sababu zitaungua, kisha lirudishe, mkunjo ukiwa chini. Kazi hii ni ya dakika moja. Faida yake ni kubwa: hakuna shimo la pala katikati ya mkate, matunda yamesambaa, na sehemu ya juu inapanda sawasawa.

Sasa inakuja mara ya mwisho ya kutazama, ile iliyokuponyoka katika mikate yako yote miwili. Dakika 10 kabla ya kuoka kuanza, fungua kifuniko kwa upole. Donge liwe limejaza kama robo tatu ya sufuria. Libonyeze pembeni kwa kidole chenye unga: kishimo kikirudi polepole na kuacha alama kidogo, liko tayari. Likiruka mara moja, bado. Kishimo kisiporudi kabisa, limepitiliza.

Likiwa bado, zima programu, funga kifuniko, uliache litulie humo humo kwenye uvuguvugu kwa dakika 20 hadi 40, kisha washa programu ya kuoka peke yake kwa dakika 50 hadi 55. Kwa mashine isiyo na programu ya mkate mtamu, hili utalifanya karibu kila mara. Likiwa limepitiliza, usilioke hivyo kwa matumaini. Lichome kwa kijiti cha mti sehemu nne au tano juu, hewa itoke kidogo, kisha anza kuoka mara moja. Likiwa limegusa kifuniko kabisa, litoe, likande mara chache kwa mkono, lirudishe liumuke tena. Mara ya pili huwa haraka, mara nyingi nusu ya muda wa kwanza.

Usipake yai juu kabla ya kuoka. Likitiririka kwenye kuta, mkate hunasa, na likidondokea kwenye koili ya joto hutoa moshi. Maziwa kidogo kwa brashi katikati ya uso yanatosha. Koili iko chini, imezunguka sufuria, kwa hiyo sehemu ya juu ya mkate wa mashine huwa na rangi hafifu kuliko pande. Hilo ni umbile la mashine, halimaanishi kuwa mkate ni mbichi.

Kuoka na kutoa

Usifunue katika dakika 35 za mwanzo za kuoka. Baadaye pima: kipimajoto cha nyama kikiingizwa katikati kisome nyuzi 90 hadi 93. Chini ya 88 katikati bado ni mbichi, hata kama ganda ni zuri. Kama huna kipimajoto, kijiti kirefu cha mti kitoke bila donge linalonata, ingawa kijiti kikipita kwenye zabibu kinadanganya, basi choma sehemu mbili. Ukihitaji muda zaidi, ongeza dakika 10 kwa programu ya kuoka. Ganda likiwa limekwisha kukolea wakati katikati bado, zima na uache mkate ndani ya mashine iliyofungwa kwa dakika 10. Joto lililobaki humalizia kazi.

Mlio wa mwisho ukilia, usiuache kwenye hatua ya kuhifadhi joto. Humo mvuke unaotoka kwenye mkate hauna pa kwenda, unarudi kwenye ganda, pande zinalegea na kujikunja kwa ndani. Watu wengi hudhani kujikunja huku ni kosa la hamira. Toa sufuria, ngoja dakika 5 hadi 8 mkate ushikamane, upindue, utikise kwa upole. Uweke juu ya waya upitishe hewa chini, na usiukate kabla ya saa 2. Mkate wenye mayai na siagi ukikatwa moto, ndani hugandamana na kuonekana mbichi hata kama umeiva vizuri. Kama pala ilibaki ndani, ichomoe mkate ukiwa umepoa, kwa ndoano ya plastiki au mpini wa kijiko cha mti.

Mapambo yako ya aina mbili, na ningechagua moja kati yake. Ya kwanza: mkate ukiwa bado moto, upake siagi iliyoyeyushwa gramu 30 juu na pande, kisha sukari laini ya unga kupitia chujio, na urudie sukari mkate ukishapoa kwa sababu ile ya kwanza itayeyuka. Siagi hiyo hufunga unyevu na mkate hukaa laini siku nyingi zaidi. Ya pili: changanya sukari laini gramu 100 na juisi ya limau au maziwa mililita 15, iwe nzito kama asali ya baridi, umimine juu ya mkate uliopoa kabisa na kupambia lozi. Ukiimimina mkate ukiwa moto inateremka yote hadi kwenye sahani.

Kama lengo lako ni panettone ya Italia au stollen ya Ujerumani, itumie mashine kwa kukanda na kuumua tu, kwa programu ya donge. Panettone ya asili huumuliwa kwa chachu ya asili, ina siagi na viini vya mayai vingi mno kwa sufuria hii, na hutundikwa kichwa chini inapopoa ili isididimie. Stollen hukunjwa kwa mkono na hukaa bapa, matunda yakiwa mazito kupita ile asilimia 40. Hata donge la vipimo vyangu linaweza kusukwa kama nywele na kuokwa kwenye oveni ya nyuzi 175 kwa dakika 30 hadi 35, na hapo unaweza kulipaka yai upendavyo.

Mkate huu hukaa vizuri siku 3 au 4 ukifungwa kwenye kitambaa ndani ya mfuko, mahali pakavu. Kwenye friji usiuweke, kwani ubaridi ule hugandisha wanga haraka na mkate unachakaa kabla ya wakati. Ukitaka kuoka mapema kabla ya sikukuu, ukate vipande ukishapoa, ufunge mara mbili na uugandishe kwenye friza bila sukari wala rojo juu. Miezi 2 hauna neno. Vipande hutolewa moja kwa moja hadi kwenye kibaniko, na mkate mzima huachwa kwenye mfuko wake usiku kucha kwenye joto la chumba, ukapambwa asubuhi.